Sura mbili ndani ya picha moja: zinarudi au hazirudi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Uyole, Mbeya:

"Shikamoo mwalimu. Mimi nina stationari hapa Uyole, natoa kopi, naprinti na kupiga pasipoti saizi. Juzi kaja kijana na flashi anataka picha nane za paspoti, bekigraundi ya bluu, na hataki kupigwa upya, anasema 'dada chapa hivyo hivyo usiguse kitu'. Kaacha elfu tatu, kasema atarudi jioni. Nilipoifungua nikaona inafanana naye ila kama siyo yeye, mdogo wangu anayesoma chuo kikuu pale MUST akasema hiyo ni sura ya watu wawili imechanganywa. Mpaka sasa sijachapa. Je, kuna programu ya kuzirudisha zile sura mbili za mwanzo nijue huyo mwingine ni nani? Na kweli picha kama hiyo inaweza kumvusha mtu mpaka wa Tunduma? Ndaga fijo."

Marahaba dada, pole na huo mtihani, na mdogo wako mpe soda maana jicho lake linafanya kazi. Wataalamu wenyewe wanaiita mofingi, mimi nitaita picha mseto tuelewane. Jibu la haraka ni kwamba sura zinarudi vizuri tu kama mmoja wa wale wawili unaye mkononi, yaani una picha yake nyingine safi, isiyochanganywa. Kama huna yeyote, programu zipo na zitakutolea sura mbili, ila hizo sura usije ukamwonyesha mtu ukasema "ndo huyu". Kwa nini, ndo nataka nikueleze kwa kirefu kidogo, weka chai maana baridi ya huko naijua.

Kwanza mchanganyo wenyewe. Kwenye dili za namna hii kuna watu wawili, mmoja ni mwenye jina, huyu ana karatasi zake zote halali na ndo anakwenda kuomba paspoti. Wa pili namwita mdandiaji, kama wale vijana wanaodandia malori pale mlimani lori likipunguza spidi, yeye hana paspoti au anatafutwa, anataka asafiri kwa jina la mwenzake. Programu inachukua picha zao mbili, inaweka vidoti kwenye pembe za macho, ncha ya pua, midomo, mstari wa taya, nyingi zinatumia vidoti 68, halafu inaviunganisha mpaka uso mzima unakuwa pembetatu ndogondogo. Kila pembetatu ya huyu inavutwa mpaka ilingane na ya yule, ikishalingana sasa rangi zinachanganywa pikseli kwa pikseli, yaani chembe kwa chembe za picha, nusu kwa nusu au kwa uwiano wowote wanaotaka. Kinachotoka ni mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, ila mama yake huyu akiiona atasema mwanangu, na mama yake yule naye vivyo hivyo.

Sasa wewe unaweza ukasema si kama mchele tu, pale sokoni watu wanachanganya wa Kyela na wa kwingine kila siku na ukikaa na ungo unachambua. Hapana. Mchele ukichanganywa punje bado ni punje, hii hapa ni kama umesaga yote mawili ukapata unga. Huwezi kuokota chembe ukasema hii ni ya Kyela. Kila pikseli kwenye hiyo picha ina huyu na ina yule kwa pamoja.

Lakini unga huu ni wa namba, na namba zina hesabu. Nikikuambia nimejumlisha namba mbili nikapata 10, nitajie ni ngapi na ngapi, utanijibu nini? 5 na 5, 7 na 3, 9 na 1, zote sawa. Ila nikikunong'oneza kwamba moja ni 6, hapo hapo unasema nyingine ni 4. Basi umeshaelewa fani nzima hapo, yaliyobaki ni mbwembwe.

Chukua pikseli moja ya kwenye paji la uso. Pikseli ya picha nyeusi na nyeupe ina namba kutoka 0 ambayo ni giza tupu mpaka 255 ambayo ni weupe kabisa. Tuseme mwenye jina ana 120 pale, mdandiaji ana 180, wamechanganya nusu kwa nusu, kwenye picha mseto inasoma 150. Ukiwa na picha safi ya mwenye jina unafanya 150 mara 2 kutoa 120, unapata 180, yule mdandiaji huyo hapo. Fanya hivyo pikseli zote, uso unachomoza. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoona inafanya kazi kwenye skrini ya laptopu yangu nilimwita mke wangu aje aone, akasema mmh mbona kama mzimu, na kweli, ilikuwa na ukungu kwenye nywele na shati lilikuwa na kola mbili.

Tatizo linaanza pale picha yako safi isipokuwa safi sana. Tuseme umepiga kwenye mwanga mkali kidogo, pale penye 120 kamera ikasoma 130. Sasa hesabu inakupa 170 badala ya 180, umekosea 10, siyo mbaya. Ila wajanja hawachanganyi nusu kwa nusu, wanamzidisha mwenye jina kwa sababu yeye ndo anakwenda ofisini kuangaliwa na binadamu. Wakiweka 70 kwa 30, picha mseto inasoma 138. Ukitaka kumtoa mwenye jina unachukua 138, unatoa asilimia 70 ya 130 ambayo ni 91, inabaki 47, unagawanya kwa 0.3, unapata karibu 157. Umeona? Kosa la 10 limezaa kosa la 23. Kadiri mtu alivyowekwa kidogo ndivyo kelele inavyopandishwa unapomtafuta, kama kuongeza sauti ya redio iliyo mbali na stesheni, unaongeza mtangazaji na unaongeza mikwaruzo. Na hapo nimekupa rangi peke yake, bado kichwa kugeuka kidogo, bado kucheka, bado mtu kanenepa tangu apigwe ile picha, na uwiano wenyewe hukuambiwa, unakisia.

Wazo hili la kutoa sura kwa sura waliliweka vizuri watu wa Chuo Kikuu cha Bologna kule Italia, Ferrara, Franco na Maltoni, ndo hao hao mwaka 2014 walioonyesha kwamba paspoti ya picha mseto inaweza kuwapitisha watu wawili kwenye geti la kiotomatiki la mpakani. Baadaye wakaja na dawa. Unafika getini, kamera inakupiga hapo hapo, mfumo unachukua picha iliyoko kwenye chipu ya paspoti na unakutoa wewe kiasi ndani yake. Kama paspoti ni yako kweli, kukutoa wewe ndani yako mwenyewe kunabakiza wewe, na bado utafanana. Kama ni ya mseto, ukitolewa wewe anabaki yule mwenzio, mfumo ukilinganisha tena unakuta hamfanani, geti halifunguki. Mimi napenda sana huo ujanja kwa sababu hauhitaji kurudisha sura nzuri ya kutundika ukutani, unahitaji tu sura ihame. Hata ikiwa na ukungu inatosha.

Umeuliza kama inaweza kumvusha mtu. Tusidanganyane, inaweza, siyo kwa uhakika lakini inaweza. Mashine haioni sura kama wewe unavyoona, inaigeuza kuwa mstari wa namba, mifumo mingi ya siku hizi ni namba 512, halafu inapima umbali kati ya mstari wa paspoti na mstari wa mtu aliyesimama. Umbali ukiwa chini ya kizingiti, yaani kikomo walichokiweka, pita. Picha mseto imekaa katikati ya watu wawili, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa ndani ya kizingiti. Kufoji kwa kawaida ni kubandika picha nyingine juu ya ile halali na hiyo inagundulika, hapa paspoti yenyewe ni halali kabisa, karatasi halali, chipu halali, saini ya serikali halali, kilichoharibika kiliingia kabla mashine haijaanza kuchapa. Afisa wa Tunduma mwenye foleni ya mabasi na malori nyuma yake anaangalia picha ndogo na uso wako sekunde chache, usimlaumu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walijaribu kwa watu wa kawaida, wakakuta picha za nusu kwa nusu zinakubalika sana, ila wakishaambiwa mapema kwamba kitu kama hiki kipo makosa yanapungua sana. Ndo maana nakuandikia kirefu hivi, wewe sasa umeshaambiwa.

Na siyo hadithi za maabara tu. Mwaka 2018 kikundi cha wanaharakati wa Ujerumani, Peng!, walichanganya sura ya mwenzao na ya Federica Mogherini, huyo wakati ule alikuwa mkuu wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya, wakapeleka picha ofisini na paspoti ikatoka. Walifanya makusudi ili kuonyesha kasoro. Ujerumani wenyewe wamefika mahali kuanzia tarehe 1 Mei 2025 hawapokei tena picha ya karatasi uliyotoka nayo nyumbani kwa paspoti na vitambulisho, unapigwa ofisini au kwa mpiga picha aliyeidhinishwa ambaye anaituma kwa njia salama. Dada yangu, wenye stationari wa kule hiyo siku walilia.

Haya, sasa swali lako lenyewe. Wewe una flashi tu. Huna picha ya pili. Una 10 na hujanong'onezwa kitu.

Kwa hali hii kuna kazi mpya zaidi. Mwaka 2022 Banerjee, Jaiswal na Ross, huyo Ross ni wa Chuo Kikuu cha Michigan State Marekani, walitoa njia ya kuchomoa sura mbili kutoka picha mseto moja bila msaada wa picha nyingine, na baada yao zimekuja njia nyingine za akili mnemba. Nyingine zina programu mbili zinazokimbizana, moja inafoji sura, nyingine inakagua kama polisi, mpaka ya kwanza inafoji vizuri kiasi cha kumchanganya polisi. Nyingine zinaanza na chenga chenga kama tivii iliyokatika antena, zinasafisha taratibu mpaka uso unatokea. Zote zimejifunza kwa kuangalia picha mseto nyingi ambazo majibu yake yanajulikana, kwa hiyo zikiletewa mpya zinakisia: macho ya namna hii na taya ya namna hii kwa kawaida hutokana na sura kama hii na kama ile.

Hilo neno kukisia ndo nataka ulishike. Ule mfano wa 10, akili mnemba hailijui jibu, inajua tu kwamba kwenye mazoezi yake 6 na 4 zilikuja mara nyingi kuliko 9 na 1. Nilijaribu mwenyewe. Nilichanganya sura yangu na ya shemeji yangu wa Makambako, kwa ruhusa yake, nikaipa programu moja ya namna hiyo iliyokuwa imefundishwa kwa picha za huko nje. Sura ya kwanza ikatoka kama ile ile ya mseto, imehamishwa kidogo tu, hilo ni gonjwa linalojulikana, programu inaogopa kutenganisha inakurudishia ulichoipa mara mbili. Sura ya pili aisee, pua siyo yangu wala ya shemeji, na ngozi imepauka kana kwamba mtu kakaa Ulaya miaka kumi. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, akauliza huyu mzungu wa tatu ametoka wapi. Ametoka kwenye mazoezi. Mfano kuna mkusanyo mmoja unaotumika sana kwenye utafiti huu picha zake zilipigwa London, una watu 102 tu, wamepigwa vizuri, mwanga sawasawa, ukuta msafi. Ukiijaza programu picha za namna hiyo usitegemee iwajue Wasafwa na Wanyakyusa waliopigwa kwa tochi ya simu umeme umekatika.

Kwa hiyo ukiipakia hiyo picha kwenye programu ya bure ikakutolea sura ya mtu na sura hiyo ikafanana na jirani yako wa Iyunga, umepata nini? Hujapata kitu, umepata balaa. Sura ya kukisia inaweza kufanana na mtu asiye na habari kabisa. Polisi anaweza kuitumia kama pa kuanzia kutafuta, kama vile mchoro wa mashuhuda, tena kwa uangalifu, lakini wewe ukiisambaza kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara umeshamchafua mtu na kumsafisha huwezi.

Kuna kitu watu wengi wanachanganya, hata wanafunzi wangu. Kugundua kwamba picha ni mseto ni kazi moja, kurudisha waliomo ni kazi nyingine. Ya kwanza ni rahisi zaidi na ndo hasa unayoihitaji wewe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inazipima programu za kugundua, ripoti yao ya kwanza ilitoka 2020, na tofauti inaonekana wazi kati ya kugundua kwa picha moja na kugundua ukiwa na picha ya pili ya mtu mwenyewe ya kulinganishia, ya pili haitetereki sana ikikutana na aina ya mchanganyo ambayo haijawahi kuiona.

Hapo hapo nikupe mawazo yangu mimi. Watu wanahangaika na ile 10 tupu wakati nchi kama yetu mnong'ono upo tayari. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, unapigwa picha ofisini, umekaa mbele ya kamera yao, hukuja na flashi, na vidole wanachukua. Kwa hiyo mwenye jina anapokwenda kuomba hati yoyote, picha yake safi ilishakaa mahali, ikitolewa ndani ya hiyo aliyoileta kinachobaki ni mdandiaji. Ni ile hesabu ya Bologna, ila imehamishwa kutoka getini kuja dirisha la maombi, na faida yake ni kwamba unamkamata kabla hajapanda basi. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kununua programu yoyote ya gharama.

Na usisubiri vidole vimalize kila kitu mpakani. Kwenye paspoti za kielektroniki viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinalazimisha picha ya uso, vidole ni hiari ya nchi. Uso ndo mlango.

Basi tuiangalie hiyo picha yako. Ifungue kwenye kompyuta, ikuze mpaka jicho moja lijae skrini. Kwenye mboni kuna kitone cha mwanga, kile kinachotoka kwenye flashi ya kamera au dirisha. Vikiwa viwili vimepishana kama kivuli, shtuka. Nenda kwenye tundu za pua, picha mseto nyingi zinaacha kivuli cha tundu la pili pembeni. Halafu masikio na mstari wa nywele, hapo ndo pembetatu zinaishia na ukungu unajificha, mdada aliyesuka na mdada aliyenyoa wakichanganywa utaona nywele kama moshi. Shingoni angalia kola. Na vinyweleo vya ngozi, sura iliyochanganywa inakuwa laini kupita kiasi kama imepakwa mafuta, ingawa hapo wengi watakutupia lawama kwa sababu siku hizi simu zenyewe zinalainisha watu bila kuombwa. Ukikosa dalili zote usiseme ni safi, wazuri wanazifuta kwa mkono.

Kitu kingine, umefanya vizuri sana kutochapa. Ukichapa halafu mtu akaiskani tena, zile alama ndogo za pikseli ambazo programu za kugundua zinazitegemea zinazimwa na wino na karatasi, na kwenye chipu ya paspoti picha inabanwa mpaka kilobaiti 15 hadi 20 hivi, inabaki uso tu. Huenda kijana alijua hilo ndo maana anataka za karatasi na "usiguse kitu". Au huenda hajui lolote, katumwa. Au ni picha yake mwenyewe imepitishwa kwenye filta mbovu, na hilo limetokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo akija usimwite mwizi mbele za watu.

Akija mwambie picha za hati unapiga mwenyewe hapa dukani, kitambaa cha bluu kipo, dakika mbili. Wa kweli atakaa kwenye kiti, atalalamika kidogo kuhusu nywele, atakaa. Akikataa basi, mrudishie flashi yake na elfu tatu yake, na nakala usibaki nayo kwenye kompyuta ya duka ambapo kila mtu anachomeka flashi, sura ya mtu ni taarifa binafsi na tuna sheria yake, namba 11 ya 2022. Ukiona kuna sababu ya kutoa taarifa, nenda Uhamiaji ukawaeleze ulichokiona, sura zilizomo waachie wao wazichambue, wao wanaweza kuomba ile picha nyingine safi na wewe huwezi. Nane kwa elfu tatu na wino wa siku hizi, halafu nawe bei yako ipandishe kidogo.